Mchumba Asiye na Jirani

Zamani, na wala si zamani sana, kijana wa Tororo aliyempenda binti wa Bungoma hakufika kwa wazee wa binti huyo akiwa na maneno matamu peke yake. Alitanguliwa na mshenga, na mshenga aliulizwa maswali: huyu ni mtoto wa nani, ni wa ukoo gani, amelelewa wapi, nani anamfahamu? Maswali hayo yalivuka mpaka wa Malaba bila kuhitaji pasi. Mjomba wa upande mmoja alimtuma mtu kwa shemeji yake wa upande wa pili, na baada ya siku chache jibu lilirudi: ni mtu wa watu, mkaribisheni, au, ngojeni kwanza.

Siku hizi uchumba mwingi huanzia kwenye simu. Hatuandiki makala haya kumkataza mtu yeyote kupenda, wala hatuoni aibu katika watu wazima kutafuta wenzi mtandaoni. Wako waliokutana huko wakaoana wakajaliwa watoto, na wengine ni jirani zetu. Tunalotaka kulieleza ni kwamba mtandao umemleta mchumba bila kumleta mshenga, na mlaghai amefanya makao yake katika nafasi hiyo iliyo wazi.

Tutoe mfano. Si habari ya mtu mmoja. Tumeuunga kutokana na sura ambazo ulaghai huu huzivaa mara kwa mara, ili asitambulike yeyote.

Mama mmoja anauza vitenge sokoni Busia, upande wa Uganda. Ni mjane. Jioni akishafunga kibanda huketi na kufungua Facebook. Siku moja anapata ombi la urafiki kutoka kwa mwanamume mwenye kofia ngumu ya kazini, amesimama kando ya rundo la mabomba. Anajitambulisha kuwa mhandisi wa bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 litokalo Hoima hadi Chongoleani huko Tanga, na kwamba kwa sasa yumo kambini karibu na Mutukula. Ni mstaarabu. Anauliza habari za watoto, anakumbuka siku ambayo mdogo wao alikuwa na homa. Wiki ya pili anapendekeza wahamie WhatsApp na anaanza kumwita "mke wangu". Wiki ya tatu anasema jambo ambalo mama analiona kuwa la heshima: "Tuliweke hili kuwa siri kwanza. Watu wana husuda. Nitakuja mwenyewe kwa wazee wako, nataka nije na zawadi mkononi."

Wiki ya tano kadi yake ya benki imezuiwa na meneja yuko likizo. Anahitaji shilingi 150,000 tu, atazirudisha Ijumaa. Mama anapotaka kutuma, simu inamwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Si jina la mhandisi. Ni jina la mwanamke. Anauliza, na jibu linakuja upesi: "Huyo ni wakala wa hapa kambini." Anatuma. Baadaye zinatakiwa 400,000 za hospitali, kisha 700,000 za kumaliza kesi ya ajali ya gari la kampuni. Katika miezi minne mtaji wa vitenge umekwisha. Na kwa kuwa mama huyu ndiye mtunza hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake ishirini, zimekwenda pia fedha ambazo hazikuwa zake.

Katika mfano huu kuna jambo moja tunalotaka lisimsahau msomaji. Mama huyo ana binamu anayeuza chakula Mutukula. Binamu huyo huwapikia madereva na vibarua kila siku. Swali moja kwake, "Ndugu yangu, kuna kambi hapo? Unamjua mhandisi wa jina hili?", lingejibiwa kabla ya chakula cha mchana. Swali hilo halikuulizwa kwa sababu uhusiano ulikuwa siri, na siri hiyo iliombwa wiki mbili kabla ya shilingi ya kwanza kutajwa. Basi tukubaliane hapa: ombi la kwanza la mlaghai si fedha. Ni usiri. Fedha hufuata baada ya watu wanaoweza kuuliza kuwekwa kando.

Wengine hudhani mambo haya huwapata wajinga. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza kwamba mwaka 2022 karibu watu 70,000 nchini humo waliripoti kulaghaiwa kwa njia ya mapenzi, na hasara waliyoitaja ilifikia dola bilioni 1.3. Hao ni watu wa nchi yenye shule nyingi na benki nyingi. Mlaghai hatafuti mtu asiyejua kusoma. Anatafuta mtu aliyepo katika kipindi cha upweke, na kipindi hicho humfikia kila mtu.

Utambulisho bandia hujengwa kwa vipande vitatu au vinne. Picha huibwa kwa mtu halisi ambaye hajui lolote. Kazi huchaguliwa ile inayoeleza kwa nini mtu hawezi kuonekana: askari aliye Somalia, daktari wa shirika la kimataifa aliye vitani, baharia, mhandisi aliye porini. Hapa kwetu sura ya askari hukubalika kwa urahisi, maana wanajeshi wa Uganda wamehudumu Somalia tangu mwaka 2007 na karibu kila kijiji kina familia yenye mwana aliyepata kwenda huko. Ndiyo sababu tunasema wazi: askari hatozwi fedha ili apewe likizo, wala mchumba wake hatakiwi kulipia nauli ya kumrudisha nyumbani, chakula chake au matibabu yake ya jeraha. Jeshi lolote, liwe la nchi zetu au la Marekani, halifanyi kazi kwa namna hiyo. Anayekuomba fedha ya namna hiyo si askari, au ikiwa ni askari, basi ana jambo lingine analokuficha.

Zamani tulikuwa tukiwashauri watu waangalie makosa ya lugha. Ushauri huo umechakaa. Sasa mashine humwandikia mlaghai Kiswahili safi kuliko chetu, na pengine usafi huo ndio uwe wa kushangaza. Sisi wenyewe tunaandika Kiswahili cha vitabuni katika jarida hili, lakini hatusemi hivyo na wenzi wetu jikoni. Mtu anayedai kuzaliwa Malaba, kisha asitumie hata neno moja la mtaani, asijue stendi iko upande gani wala siku ya gulio, anastahili kuulizwa zaidi.

Namna ya kuchunguza ni hizi, na hakuna iliyo ngumu. Ya kwanza ni picha. Ihifadhi picha yake katika simu, ifungue kwa Google Lens, nayo itatafuta mahali pengine ambapo picha hiyo au inayofanana nayo imewahi kuwekwa. Ikitokea kwa jina lingine, katika nchi nyingine, umekwisha kujua. Isipotokea, usihitimishe kwamba ni ya kweli. Huenda imeibwa kwenye akaunti iliyofungwa, au imetengenezwa na akili bandia na haina mwenyewe duniani.

Ya pili ni kuonana kwa video. Anayekataa kila mara kwa kisingizio cha mtandao dhaifu, huku akiweza kutuma picha nzito na sauti ndefu, anajishuhudia mwenyewe. Lakini kuonekana kwa uso kwenye video hakutoshi tena. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 wa genge lililotumia sura za kughushi katika mapenzi ya mtandaoni. Hasara ya waathiriwa ilikadiriwa kuwa dola milioni 46 za Marekani. Kwa hiyo mwambie ageuze uso hadi sikio lionekane, apitishe kiganja taratibu mbele ya macho, kisha asimame aizungushe simu uone chumba na nje ya dirisha. Mara nyingi sura ya kughushi huyumba au hukatika hapo. Mtu wa kweli atacheka na atafanya. Mwingine atakasirika na kukuuliza kwa nini humwamini, na hasira hiyo nayo ni jibu.

Ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kumtafuta jirani yake. Kila mtu halisi ana jirani. Ana fundi anayemshonea nguo, ana kanisa au msikiti, ana mwalimu aliyemfundisha, ana mwenyekiti wa LC1 au balozi wa nyumba kumi anayemjua. Sisi watu wa mpakani tumebarikiwa katika jambo hili kuliko watu wa miji mikubwa, kwa kuwa ndugu zetu wametapakaa pande zote. Ni vigumu kutaja mji kati ya Eldoret na Masaka, au kati ya Kisumu na Bukoba, ambao hatuna huko mtu wa kumpigia simu. Kazi nayo ina mlango wake: hospitali ina mapokezi, kampuni ina ofisi, shule ina mwalimu mkuu. Piga huko ukaulize, ila utafute namba wewe mwenyewe. Usitumie ile aliyokupa, maana upande wa pili anaweza kuwa yeye yule amebadilisha sauti, au mwenzake aliyeketi ubavuni mwake.

Ya nne ni lile jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Watu wengi hulipita kama wanavyopita kibao cha barabarani. Simama hapo. Jina hilo limeandikwa kwenye usajili wa laini, na likitofautiana na jina la mtu unayempenda, usitume hata senti moja kabla hujaonana naye ana kwa ana. Maelezo ya wakala, ya dada, ya dereva au ya mhasibu ni yale yale kila mara.

Liko pia tawi la zawadi. Mchumba aliye Ulaya anasema ametuma sanduku lenye simu, dhahabu na bahasha ya dola. Kisha mtu anayejiita afisa wa forodha wa Entebbe au Nairobi anapiga simu akidai ushuru, na anatoa namba ya simu ya kutumia. Hapa mambo ni mepesi. Kodi ya serikali hailipwi kwa namba ya mtu. Uganda mlipaji hupewa namba ya usajili wa malipo na Mamlaka ya Mapato, akalipa kwa benki au njia nyingine inayotambuliwa. Tanzania hutolewa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Kenya malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen. Afisa anayekuharakisha umlipe kwenye laini yake si afisa, na sanduku halipo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo huwaingiza watu katika matatizo na sheria bila wao kutarajia. Wakati mwingine mpenzi wa mtandaoni haombi fedha, anakutumia. Anasema, "Mteja wangu atakutumia shilingi milioni mbili, kwangu mtandao hausomi. Toa, baki na laki moja ya matumizi, zilizobaki mtumie fundi wangu aliye ng'ambo ya pili." Kwa mtu wa Busia au Mutukula mwenye laini za nchi mbili mfukoni, hilo linaonekana kuwa hisani ndogo tu. Ukweli ni kwamba fedha hizo ni za mtu mwingine aliyelaghaiwa, pengine mama muuza vitenge kama yule wa mfano wetu. Atakapoenda kulalamika, jina litakalokuwa kwenye muamala ni lako, kitambulisho kitakachoonekana ni chako, na mlango utakaobishwa ni wako. Kumbuka jina la yule mwanamke lililotokea kwenye simu ya mama. Inawezekana kabisa kwamba naye alikuwa amependa mhandisi. Usipokee wala kuvusha fedha ya mtu usiyewahi kumwona, na usimpe mtu laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, hata kwa wiki moja. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaweza kupiga *106# ili kuona kama kuna namba wasizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

Kuna mwaliko mwingine ulio mbaya kuliko wizi. Mpenzi anakutaka uvuke mpaka uje umwone, naye atalipia usafiri. Boda boda atakusubiri, mtapita njia ya panya kwa kuwa "foleni ya uhamiaji ni ndefu". Au amekutafutia kazi nzuri ya kompyuta Thailand. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine kama 100,000 Kambodia walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kuendesha ulaghai wa mtandaoni, ukiwamo huu wa mapenzi. Wakenya na Waganda ni miongoni mwa waliookolewa huko. Yaani yule anayekuandikia "habari za asubuhi, mpenzi" huenda ni kijana wa kwetu aliyenyang'anywa pasi yake na kupigwa asipofikisha kiwango cha siku. Tunalisema hili si ili umhurumie umtumie fedha, kwa sababu fedha hiyo humfikia bwana wake. Tunalisema ili wazazi waelewe ni nini kinachoweza kumngoja mtoto upande wa pili wa mwaliko mtamu. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Hakuna mgeni mwema atakayekutaka uache kupita kituoni.

Anayeamua kwenda kumwona mtu aliyemfahamu mtandaoni na aende mchana, mahali penye watu, akiwa amemwambia ndugu jina, namba na mahali, na akiwa na nauli yake mwenyewe ya kurudi. Kwa kijana aliye chini ya miaka 18 ushauri wetu ni mfupi: asiende bila mzazi.

Kuhusu picha za utupu, walaghai huziomba mapema kwa jina la mapenzi, kisha huzigeuza kuwa kamba shingoni: lipa, la sivyo zitakwenda kwa mchungaji, kwa shehe, kwa mume. Ukishapatwa, usilipe. Anayelipwa hurudi. Acha kujibu, hifadhi vitisho vyote, uje kituoni. Mtu mzima anaweza pia kutumia huduma ya bure ya StopNCII, ambayo husaidia mitandao kama Facebook na Instagram kuizuia picha isienezwe bila wewe kumpelekea mtu yeyote picha yenyewe.

Hapa inatupasa tuseme neno kwa jamii nzima. Mwanzoni mwa mwaka 2025 dunia ilisikia habari za mwanamke wa Ufaransa aliyepoteza euro 830,000 kwa watu waliojifanya kuwa mwigizaji Brad Pitt. Alijitokeza kusimulia ili wengine wajihadhari, na watu wakamcheka mtandaoni kwa ukali hata kituo cha televisheni kikakiondoa kipindi hicho. Mlaghai ananufaika na kicheko cha namna hiyo, kwa sababu kila anayekisikia, ikiwa yeye mwenyewe yumo katika mtego, hujifunza kunyamaza. Tumewapokea watu waliokaa na jambo lao miezi mingi kwa kuogopa tu kucheka kwa wakwe. Ndugu yako akikuambia, "Nadhani nimedanganywa," usianze na "Nilikuambia". Mwulize ametuma lini, kwa namba ipi, kisha mfuatane kwetu.

Na mje mapema, maana fedha ya simu hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache. Kabla hata ya kufika kituoni, ijulishe kampuni ya simu: Uganda piga 100 kwa MTN au Airtel, mteja wa M-Pesa nchini Kenya aupeleke ujumbe wa muamala kwenye namba 456, Tanzania ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenye 15040. Usimwambie mlaghai kwamba umemgundua, na usimfungie mawasiliano kabla ya kuhifadhi ushahidi. Usifute kitu. Tunahitaji mazungumzo yote, hata yale unayoyaonea haya, picha za skrini zinazoonyesha tarehe, anwani ya akaunti yake, namba zake zote, na ujumbe wa kila muamala wenye namba ya kumbukumbu. Ikiwa fedha ilikuwa ya kikundi, njoo na kiongozi wa kikundi siku hiyo hiyo. Ukichelewa, wanachama wataliona kuwa wizi wako.

Ulaghai wa kielektroniki ni kosa pande zote tatu: Uganda kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, Tanzania kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya kwa sheria ya mwaka 2018. Ripoti katika kituo kilicho karibu nawe hata kama mtu huyo yuko ng'ambo. Kuvusha shauri ni kazi yetu, na polisi wa nchi hizi wana utaratibu wao wa kushirikiana. Hutakiwi kumfuata mwenyewe. Mwanamke anayetaka kusikilizwa na afisa mwanamke aseme hivyo mapokezi, bila kueleza sababu mbele ya watu. Kwa jambo la mtoto, namba 116 hupokelewa bure Uganda, Kenya na Tanzania, usiku na mchana.